SAMAKI WAPYA WAKAE KARANTINI KWANZA

Mfugaji wa ng'ombe alijua neno karantini tangu zamani. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia wilayani, ng'ombe hawahamishwi. Lakini mfugaji yule yule akinunua vifaranga vya ngege, huvimwaga bwawani siku ile ile. Hapo ndipo hasara huanza. Katika mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2009, bwawa la mita 300 za mraba lilitiwa vifaranga 1,000. Wachache wakiwa wagonjwa, wote wamo hatarini. Na maji yakitoka kwako kwenda kwa jirani, naye pia atapata hasara.

Tangi lenyewe

Chimba shimo la mita 2 kwa mita 2, ulitandike karatasi nzito ya plastiki, ujaze maji kina cha sentimita 75. Hayo ni lita 3,000, yatosha vifaranga 1,000 wadogo. Lichimbwe chini ya bwawa, si juu yake, ili maji yasiteremkie bwawani. Lipe kivuli na wavu wa kuzuia ndege. Maji ya mfereji wa mji yenye dawa yaache wazi siku moja kwanza.

Kazi ya kila siku

1. Samaki wakifika, eleza mfuko wao juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane. Kisha wachote kwa wavu. Maji ya mfukoni usiyatie tanginin wala bwawani.

2. Lisha kidogo, uondoe mabaki. Kila siku badili robo ya maji. Yanayotoka yamwage shimoni, mbali na mto.

3. Tangi liwe na wavu na ndoo zake. Hudumia bwawa kwanza, tangi mwisho, kisha unawe mikono.

4. Watazame asubuhi na jioni. Je, wanajisugua? Wanahema juu ya maji? Wana madoa meupe kama chembe za chumvi, vidonda, au utando kama pamba? Wanakataa chakula?

Ukiona dalili hizo, mwite Afisa wa Samaki. Wakati ukimngoja, waweza kutia chumvi ya kawaida, gramu 3 kwa kila lita, yaani kilo 9 kwa tangi zima. Iyeyushe kwanza katika ndoo. Waliokufa wazike.

Siku ngapi?

Majuma matatu. Kijidudu cha madoa meupe hukua upesi katika maji ya joto, lakini katika maji ya baridi huchelewa. Kwa hiyo wakulima wa nyanda za juu wangoje majuma manne. Ugonjwa ukitokea, anza kuhesabu upya baada ya kupona.

Maswali ya kujikumbusha

Kwa nini tangi liwe chini ya bwawa? Kwa nini bwawa lihudumiwe kwanza? Anayeweza kuyajibu yuko tayari kununua vifaranga.