Kufundisha Utunzaji na Ubadilishaji wa Mkanda wa Injini ya Gari Dogo

Mwanafunzi wa sekondari aweza kukokotoa uwiano wa mwendo wa puli mbili pasipo kukosea, kisha akasimamishwa mbele ya gari lililofunguliwa boneti asijue mkanda ni upi wala unazungusha nini. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu namna ya kuliziba pengo hilo. Tumelifikiria somo kwa mahali kama Malampaka, mji mdogo wa stesheni katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Treni hutoa usafiri kwa zamu zake. Safari za kila siku ni za magari madogo, pikipiki na baiskeli. Tangu mwaka 2024, shule za sekondari zilipoanza kupokea mtaala wenye mkondo wa amali, somo la namna hii limepata nafasi ambayo hapo awali mwalimu alilazimika kuiiba.

Yafaa kuanza na baiskeli, kwa kuwa hakuna mtoto wa Usukumani asiyeijua. Mwalimu aipindue baiskeli darasani, azungushe pedali, na awaulize wanafunzi kwa nini mnyororo hautelezi. Watajibu kwamba meno huushika. Hapo aweke mezani ubao wenye vikopo viwili vya ukubwa tofauti, kila kimoja kikizunguka juu ya msumari, vikiunganishwa kwa utepe uliokatwa katika tyubu kuukuu. Utepe hauna meno, hata hivyo kikopo cha pili huzunguka. Neno msuguano litatoka vinywani mwa wanafunzi wenyewe, na mwalimu asiharakishe kuwatangulia. Kisha aulegeze utepe kidogo: kikopo cha kwanza kitazunguka na cha pili kitasita. Jambo hilo moja, kwa maoni yetu, lina thamani kuliko kurasa mbili za maelezo, kwa sababu karibu kila tatizo la mkanda wa gari ni utepe ule uliolegea.

Kabla ya kuliendea gari, tunasisitiza dakika chache zitumike kuzungumzia mashine ya kusaga. Mkanda wake mara nyingi uko wazi, na anayetumwa kusagisha huwa ni msichana aliyejifunga kanga. Hesabu ya mwendo ifanywe kwa ajili hiyo, wala si kwa ajili ya mtihani. Tuchukue puli ya injini yenye kipenyo cha sentimeta 15, ikizunguka mara 800 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa gari lililosimama likinguruma. Mzingo wake ni sentimeta 47.1, kwa hiyo mkanda hupita karibu meta 377 kila dakika, yaani zaidi ya meta 6 kwa sekunde moja. Mwanafunzi aambiwe apige makofi mara moja, kisha akadirie kidole kilichonaswa kimekwenda wapi. Puli ndogo ya sentimeta 6 iliyo kwenye mkanda huohuo huzunguka mara 2,000. Takwimu hizi mwalimu hana budi kuzibadili kwa kupima puli zilizopo mbele yake.

Gari lenyewe laweza kuwa la mwalimu au la mzazi aliyekubali kuliazima, na mara nyingi litakuwa Toyota Vitz au IST. Sharti la kwanza ni kwamba injini imezimwa na imepoa, na ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu. Usiachwe kwenye swichi wala kwa kiranja. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Nguo ndefu zifungwe, na saa na bangili zivuliwe.

Wanafunzi watauita mkanda huo feni belti. Mwalimu asiwasahihishe upesi; awaombe waitafute feni. Watagundua kwamba katika magari mengi madogo ya leo feni ina mota yake ya umeme, wala haiguswi na mkanda. Jina limebaki baada ya kazi kuhama. Wafuatishe basi kwa kidole na kuchora njia ya mkanda: kutoka puli kubwa ya shafti kuu ya injini kwenda kwenye alternata, pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi. Mchoro huu si pambo. Mkanda ukishatolewa bila mchoro, hata fundi mzoefu hubaki akikuna kichwa.

Hapo ndipo wataelewa hasara iliyopo. Mkanda ukikatika kati ya Malampaka na Maswa mjini, taa ya betri huwaka, na dereva asiyejua huendelea, maana gari bado linakwenda. Lakini pampu ya maji nayo imesimama. Maji hayazunguki, injini huchemka, na silinda hedi yaweza kupinda. Kosa la mkanda mmoja hugeuka gharama ya injini nzima, na mwenye gari la kukodisha hupoteza riziki ya nyumba yake. Wanafunzi wajue kwamba taa hiyo ikiwaka na kipimo cha joto kikipanda, gari lisimamishwe na injini izimwe, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kungali na moto.

Uchunguzi wa mkanda wahitaji uangalifu zaidi kuliko unavyofundishwa kwa kawaida. Mkanda wa siku hizi una matuta marefu upande wa ndani, kama shamba la viazi. Mafundi wengi hutafuta nyufa tu. Kwa mikanda ya zamani kanuni hiyo ilitosha, lakini mpira wa aina mpya hulika polepole kama soli ya kiatu pasipo kupasuka. Mkanda waweza kuonekana mzima ilhali mifereji yake imepanuka na matuta yamepungua. Dawa yake ni kuulinganisha na mkanda mpya, mfereji kwa mfereji. Vumbi la kiangazi huongeza ulaji huo. Mafuta yanayovuja huuharibu mpira kabisa, na mkanda mpya usifungwe kabla ya kuziba uvujaji. Desturi ya kupaka sabuni ili kunyamazisha mlio tunaikataa: huficha dalili na kuacha ugonjwa.

Kuubadili si kazi ndefu. Katika injini nyingi za magari tuliyoyataja, alternata hulegezwa kwenye bolti zake, kisha bolti ya kurekebishia hufunguliwa mpaka mkanda ulegee na kutoka. Yapo magari yenye kikazio cha springi. Hayo hufuata utaratibu wa kitabu chake. Mkanda ukiwa nje, kila puli izungushwe kwa mkono. Beringi inayokwaruza au kuyumba isiachwe, kwa kuwa itaumaliza mkanda mpya. Namba nazo zisomwe: 5PK1110 ni matuta 5 na urefu wa milimeta 1110. Kwa kuwa kila tuta huchukua milimeta 3.56, darasa laweza kukokotoa upana, milimeta 17.8, na kuuhakiki kwa rula. Ni zoezi zuri la kuwazuia wasinunue mkanda kwa kukisia.

Katika kuurudisha, kila tuta liingie katika mfereji wake; mkanda uliopanda pembeni hata kwa mfereji mmoja utajikata. Kisha mkazo urekebishwe. Kwa kubonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu, mkanda hushuka kiasi cha sentimeta moja, ingawa kipimo cha kitabu cha gari ndicho chenye amri. Waliokaza mno wajue kwamba wanaziua beringi za alternata na pampu. Shafti kuu izungushwe kwa spana mizunguko miwili, bolti zikazwe, waya wa betri urudishwe, na spana zihesabiwe kabla mtu yeyote hajapewa ufunguo. Injini ikiwaka, mita ya umeme kwenye betri ionyeshe kati ya volti 13.5 na 14.5. Mkanda mpya hunyooka kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo mkazo upimwe tena katika kipindi cha juma linalofuata.

Darasa la wanafunzi arobaini haliwezi kulizunguka gari moja. Tunashauri sita wawe garini, wengine wabaki kwenye ubao wa vikopo na hesabu, wakipokezana. Mkanda uliotolewa ukatwe vipande na kugawiwa, ili kila kundi lione nyuzi zilizomo ndani ya mpira na kueleza ni zipi zinazobeba mvuto.