SOMO: TUANDIKE MAJINA YA WAKAMBO WETU
(Kusoma: Nehemia 7:5 na 7:61-65)



Wengi wetu tukifika kwenye orodha ya majina katika Biblia, tunaruka. Lakini angalieni Nehemia 7. Watu wamerudi kutoka utumwani, na kati yao wako wana wa makuhani waliotafuta majina yao katika kitabu cha ukoo wasiyaone. Wakatolewa katika ukuhani. Jina likipotea, mlango unafungwa.

Haya yamenifikia mimi mwenyewe. Watu walikuja kuomba binti yetu, wakauliza kambo wetu ni nani na ni wa ukoo gani. Nikajibu kwa jina lililo kwenye karatasi yake ya ubatizo. Shangazi yangu akanyamaza. Wageni walipokwenda akasema: "Mwanangu, jina lile si la baba yangu. Ni la mkubwa wake."

Mkubwa ndiye aliyeandikishwa huko Kasai na watu waliotafuta wafanyakazi wa Union Minière. Usiku akakimbia. Chifu akamtoa mdogo mahali pake, na karani hakufuta kitu. Basi kambo alifika Jadotville na jina la kaka yake, akabatizwa nalo, akazikwa nalo.

Ndiyo sababu ninasema: anza na midomo ya wazee, karatasi zifuate. Na usimuulize mzee mwaka. Mimi nilimuuliza shangazi, "Kambo alikuja mwaka gani?" Akasema hajui, akataka kulala. Siku nyingine nikamuuliza kama kambo alikuwa amekwisha kufika wakati wa mgomo ule ambao askari walipiga wafanyakazi risasi kule Élisabethville. Akafungua macho: "Alikuwa hapa, na mama alikuwa na mimba ya mkubwa wangu." Mgomo huo ulikuwa Desemba 1941. Uhuru wa 1960, mwisho wa kujitenga kwa Katanga mwaka 1963, vita vya Kolwezi vya 1978: hizo ndizo kalenda za wazee wetu.

Uliza pia nani alimpa mtoto jina, na kwa sababu gani. Uliza upande wa mama. Kwa Wabemba na Walamba ukoo unapita kwa mama, kwa Waluba unapita kwa baba. Ukiandika upande mmoja tu utamkosea mwenzako. Na kwenye kilio, mama mzee wa Kiluba akianza kasala, usitoke nje kupiga hadithi. Anataja wazee wa marehemu mmoja mmoja. Kama familia inakubali, washa simu urekodi.

Kisha tafuta karatasi: kitabu cha ubatizo kwenye parokia, buku ya kazi ya zamani, cheti cha ndoa kwenye komini. Jihadhari na majina. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kizungu, kwa hiyo Joseph wa 1965 unaweza kumkuta mwaka 1975 bila Joseph. Miji nayo ilibadilishwa mwaka 1966: Jadotville ni Likasi, Élisabethville ni Lubumbashi, Albertville ni Kalemie. Mtu mmoja anaweza kuonekana kama watatu.

Wengine hawana karatasi hata moja. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, sisi tulilala kwenye stesheni majuma mengi kungoja treni. Sanduku la baba lilibaki nyumbani. Nilikuwa mtoto, nililia kwa ajili ya mpira wangu tu. Ile karatasi ya ubatizo ilipona kwa sababu shangazi aliifunga ndani ya kitambaa cha kichwa.

Jina la kweli la kambo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye. Kijiji bado, shangazi anakumbuka mto tu. Wale waliokuja kuomba binti nimewaomba wangoje, maana uzao wa yule aliyekimbia hatujui uliolewa wapi. Wazee wa pande mbili watakaa Jumamosi, na kaye nitakuja nayo.

Shemasi wenu