Mtende wa Yudea katika Sarafu za Shaba

Mnamkumbuka yule mjane maskini wa Injili (Marko 12, 42). Alitia katika sanduku la hekalu vipande viwili vidogo vya shaba. Dinari ya kodi, yenye uso wa Kaisari, ilikuwa ya feza. Lakini maskini walinunua na kuuza kwa shaba. Na katika shaba hiyo watawala walisema na watu kwa picha, kwa maana wengi hawakujua kusoma.

Sheria ya Musa iliwakataza Wayahudi sanamu. Waroma walipoanza kuitawala Yudea kwa maliwali wao, mwaka 6, walipiga sarafu za shaba zisizo na uso wa mtu: upande mmoja suke la shayiri, upande wa pili mtende wenye matunda. (Si mchikichi wetu, bali ni mti uzaao tende, mitende ya Yeriko ilisifiwa mbali.)

Ponsyo Pilato naye, kuanzia mwaka 29, hakuweka uso. Lakini aliweka kata ya kumiminia divai katika sadaka za Waroma, kisha fimbo iliyopinda ya waaguzi wao. Wengine husema alitaka kuwachokoza Wayahudi. Kwangu ni vigumu kusadiki, kwani alama hizo zilikuwa za kawaida katika sarafu za Roma. Hata hivyo, mama wa Yeruzalemu aliyekwenda sokoni alishika mkononi vyombo vya ibada ya miungu migeni.

Mwaka 70 Yeruzalemu ikaanguka, na hekalu likateketea. Mwaka uliofuata Kaisari Vespasianus alitoa huko Roma sarafu kubwa ya shaba. Mtende ungalipo, lakini chini yake ameketi mwanamke anayeomboleza, na nyuma yake amesimama Kaisari mwenye mkuki. Maneno yake: IVDAEA CAPTA, yaani Yudea imetekwa.

Wayahudi waliasi tena mwaka 132, wakiongozwa na Simon Bar Kokhba. Walikusanya sarafu za Waroma, wakazikwangua kwa tupa na kuzipiga upya: mtende wa makuti saba, na upande wa pili jani la mzabibu. Uasi ulikomeshwa mwaka 135. Baadhi ya sarafu hizo hazikukwanguliwa vema, na hata leo chini ya mtende huonekana herufi za sarafu ya awali, au kipande cha uso wa Kaisari.