Mzigo Uliochelewa, Ulioharibika au Uliopotea: Somo kwa Msafiri wa Ndege

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo huhusu biashara, lakini unamfaa pia msafiri anayesimama mbele ya mkanda wa mizigo uwanjani, akitazama mabegi ya wenzake yakipita na kuchukuliwa mpaka mkanda unasimama na lake halijaonekana. Saa hiyo, mwenye kumbukumbu na mwenye kuijua sheria huanza kudai; asiye na vyote viwili huanza kuomba. Somo hili limekusudiwa kumtoa msafiri katika hali ya kuomba na kumweka katika hali ya kudai kwa hoja.

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, msafiri aweze: kueleza chanzo cha haki yake, kutofautisha mzigo uliochelewa, ulioharibika na uliopotea, kuhesabu siku za kuwasilisha malalamiko, na kukadiria fidia anayoweza kuidai.

Haki hii inatoka wapi?

Safari za ndege za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003. Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia, pamoja na nchi nyingi ambazo wasafiri wetu huziendea mara kwa mara, zikiwemo Falme za Kiarabu, Oman, India na China.

Mkataba huu hutumika pale safari inapoanzia katika nchi mwanachama na kuishia katika nchi nyingine mwanachama. Aliyenunua tiketi ya kwenda na kurudi, kwa mfano Dar es Salaam, Dubai na kurudi Dar es Salaam, naye analindwa, kwa kuwa safari yake ina kituo katika nchi nyingine. Kipande cha ndani kama Mwanza hadi Dar es Salaam, kikiwa sehemu ya tiketi moja ya kimataifa, huhesabiwa pamoja na safari nzima. Lakini tiketi ya ndani pekee huongozwa na sheria za nchi na masharti ya tiketi yenyewe.

Msafiri azingatie pia tofauti kati ya mzigo aliokabidhi kwenye kaunta na mzigo wa mkononi. Kwa mzigo uliokabidhiwa, shirika huwajibika kwa upotevu au uharibifu uliotokea likiwa na mzigo huo, hata kama msafiri hawezi kuonyesha kosa la mfanyakazi yeyote. Isipokuwa madhara yametokana na kasoro ya mzigo wenyewe, kama chupa iliyofungwa vibaya ikavuja. Kwa mzigo wa mkononi, msafiri hulazimika kuonyesha kwamba shirika au watumishi wake walikosea.

Kwa ucheleweshaji, shirika linaweza kujitetea kwa kuthibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizostahili kuzuia hasara, au kwamba hatua hizo hazikuwezekana.

Kikomo cha fidia

Hapa ndipo wengi hukosea. Wapo wanaoamini kwamba fidia ya begi hupimwa kwa kilo. Fikra hiyo ina asili yake: Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 ulipima kwa uzito, na hata leo shehena inayosafirishwa kwa hati ya mizigo hupimwa hivyo. Lakini kwa begi la msafiri, Mkataba wa Montreal umeweka kikomo kwa kila abiria, bila kujali idadi ya mabegi wala uzito wake.

Kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, kikomo hicho ni 1,519 kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachoitwa kwa kifupi SDR. Kabla ya hapo kilikuwa 1,288. SDR si noti ya kushikwa mkononi. Ni kipimo cha thamani kinachotokana na sarafu tano: dola ya Marekani, yuro, yuan ya China, yen ya Japani na pauni ya Uingereza. Thamani yake hubadilika kila siku. Tukichukulia kwamba SDR moja ni sawa na dola 1.30 za Marekani, kikomo kitakuwa takriban dola 1,975.

Msafiri aelewe vyema kwamba hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja. Aliyepoteza mali ya dola 1,200 na akathibitisha hivyo, anadai dola 1,200. Aliyepoteza mali ya dola 3,500 anaishia kwenye kikomo, na dola zaidi ya 1,500 zinabaki kuwa hasara yake, isipokuwa kama alichukua hatua moja muhimu kabla ya safari: kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa ada ya ziada inayotakiwa. Akifanya hivyo, shirika hulazimika kulipa hadi kiasi kilichotamkwa, isipokuwa likithibitisha kwamba kimezidi thamani halisi ya mzigo kwa mwenyewe. Wafanyabiashara wanaorejea na bidhaa za duka ndani ya mabegi ndio wanaopaswa kulijua jambo hili kuliko wote.

Kwa upande mwingine, kifungu chochote cha tiketi kinacholiondolea shirika wajibu wake, au kuweka kikomo cha chini kuliko cha Mkataba, ni batili. Msafiri asikubali kuambiwa kwamba sera ya shirika iko juu ya Mkataba.

Siku zinavyohesabiwa

Haki hii ina muda wake, na muda ukipita haki hupotea. Kumbuka namba nne:

Siku 7: kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika, kuanzia siku ya kuupokea.

Siku 21: kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo uliochelewa, kuanzia siku ulipokabidhiwa kwako.

Siku 21 bila mzigo kufika: mzigo ambao haujafika siku 21 zikiisha tangu siku uliyopaswa kufika, unaweza kuudai kama uliopotea. Shirika likikiri mapema kwamba umepotea, huhitaji kusubiri.

Miaka 2: kufungua shauri mahakamani, kuanzia siku ya kufika mwisho wa safari au siku ambayo ndege ilipaswa kufika.

Tuchukue mfano. Mama mfanyabiashara wa Kariakoo anatua Dar es Salaam tarehe 3 Machi. Begi lake halikuja. Linaletwa tarehe 12 Machi, zipu ikiwa imepasuka na nguo zimelowa. Malalamiko kuhusu uharibifu yanapaswa kutumwa kabla ya kwisha tarehe 19 Machi, na kuhusu ucheleweshaji kabla ya kwisha tarehe 2 Aprili. Kama begi lisingefika kabisa, siku 21 zingetimia tarehe 24 Machi, na baada ya hapo angelidai kama lililopotea. Lakini kama kwa furaha ya kuliona begi atalipokea, akatia sahihi na kukaa kimya hadi mwisho wa mwezi, dai lake la zipu na nguo litakuwa limekufa, hata kama ukweli uko upande wake.

Hatua za kuchukua

Kabla ya safari. Andika orodha ya vitu vilivyomo, piga picha ya begi likiwa wazi na likiwa limefungwa, na tunza risiti. Weka jina na namba ya simu nje na pia ndani ya begi, kwa maana kibandiko cha nje huweza kung'oka. Fedha taslimu, vito, dawa, hati na funguo zisiingie katika mzigo wa kukabidhi. Betri za akiba za lithiamu, zikiwemo zile za kuchajia simu, haziruhusiwi katika mzigo huo kwa sababu za usalama, hubebwa mkononi. Usitupe kijikaratasi chenye namba ya mzigo unachopewa kwenye kaunta.

Uwanjani. Mzigo usipoonekana, usitoke kabla ya kufika kwenye kaunta ya huduma za mizigo ya shirika lako au wakala wake. Jaza taarifa ya hitilafu ya mzigo, hakikisha ina namba ya kumbukumbu, na uchukue nakala. Ikiwa begi limeharibika, lipige picha hapohapo. Kulipokea begi bila kulalamika huchukuliwa kuwa ni dalili kwamba limefika salama.

Baada ya hapo. Andika barua au baruapepe rasmi kwa shirika, ukieleza namba ya tiketi, safari, tarehe, namba ya taarifa, hasara na kiasi unachodai. Usidhani kwamba taarifa uliyojaza uwanjani inatosha. Ukinunua vitu vya lazima kwa sababu begi limechelewa, nunua kwa kiasi na utunze risiti. Sabuni, nguo ya kubadilisha na dawa ni rahisi kutetea, saa ya kifahari si rahisi.

Safari ya mashirika zaidi ya moja

Msafiri wa mara kwa mara anajua hali hii: shirika la kwanza linasema mzigo ulikabidhiwa kwa la pili, na la pili linasema halikuupokea. Inapokuwa safari moja iliyofanywa na mashirika yanayofuatana, Mkataba unamruhusu msafiri kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile ambalo mzigo ulipotelea mikononi mwake, nayo huwajibika kwa pamoja. Si kazi ya msafiri kufanya upelelezi kati yao. Anayenunua tiketi mbili tofauti ili kupunguza nauli apime hilo kwanza, kwa kuwa hapo huenda akahesabiwa kuwa amefanya safari mbili.

Shirika likikaa kimya

Kwanza, lipe shirika nafasi ya kujibu. Likikataa au likikaa kimya, peleka malalamiko pamoja na nakala zote kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa anga katika nchi yako. Kwa Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kwa Kenya ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Mlango wa mahakama upo pia, lakini mazungumzo marefu na shirika yasikusahaulishe ile miaka 2.

Maswali ya kujipima

1. Begi limefika siku ya tano likiwa limepasuka. Una siku ngapi za kulalamika, na zinahesabiwa kuanzia lini?
2. Umebeba mabegi mawili na yote yamepotea. Je, una vikomo viwili vya fidia au kimoja?
3. Ni hatua gani inayoweza kukuvusha juu ya kikomo, na inachukuliwa wakati gani?
4. Tazama begi ulilosafiri nalo mara ya mwisho. Kama lingepotea, ungeweza kuthibitisha nini kuhusu kilichokuwamo?

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yamo katika somo hili. Jibu la swali la nne analo msafiri mwenyewe, na inafaa alitafute kabla ya safari ijayo.