Habari Isiyo na Mhariri

Katika somo hili tutaangalia jinsi habari inavyotufikia siku hizi. Zamani habari ya maandishi ilitufikia kwa gazeti. Sasa inaingia katika simu, usiku na mchana. Tofauti si ya karatasi na kioo tu. Tofauti kubwa ni mhariri.

Mhariri ni nani? Ni mtu anayeisoma habari kabla haijapigwa chapa. Mwandishi akileta habari kwamba ng'ombe 20 wameibwa, mhariri humwuliza: Wapi? Lini? Nani kakwambia? Mwenye ng'ombe umemwona? Polisi wanasemaje? Majibu yasipopatikana, habari haitoki. Na ikitoka ya uongo, tunajua mlango wa kubisha hodi, maana jina la gazeti na anwani yake vimeandikwa. Hatusemi kwamba wahariri hawakosei. Wanakosea, tena wako wanaoficha mambo ya wakubwa. Lakini yupo mtu wa kuulizwa.

Katika WhatsApp na Facebook habari hutoka bila kupita kwa mtu huyo. Kila mwenye simu janja ni mwandishi. Jambo hili lina faida. Mwezi Januari 2009 ndege ya abiria ilitua juu ya mto Hudson, mjini New York, na watu wote 155 wakaokoka. Picha iliyoenea upesi duniani ilipigwa kwa simu na abiria wa kivuko kilichokwenda kuwaokoa. Wapiga picha wa magazeti walikuwa bado njiani.

Sasa tuangalie hasara. Mwaka 2018 video moja ilienea katika simu za watu wa India. Watu wawili juu ya pikipiki wanamnyakua mtoto na kutoroka naye. Maneno yaliyofuatana nayo yalisema, ati wezi wa watoto wameingia. Kumbe video ile ilitengenezwa Karachi, katika nchi ya Pakistani, kuwafundisha wazazi wawe macho. Lilikuwa igizo. Mwishoni watu wale humrudisha mtoto na kuonyesha maandishi ya onyo. Mtu fulani alikikata kipande hicho cha mwisho. Igizo likageuka kuwa wizi.

Uvumi wa namna hiyo ulifika mpaka wilaya ya Dhule, katika jimbo la Maharashtra. Jumapili tarehe 1 Julai 2018, siku ya gulio, wanaume watano walishuka basi katika kijiji cha Rainpada. Walikuwa watu wa jamii inayohamahama na kuomba sadaka. Ikasemekana mmoja wao amezungumza na mtoto wa kike. Basi, ikawa "ndio hao!" Waliingizwa katika ofisi ya kijiji wakapigwa humo humo, wakafa wote watano. Hawakuwa wameiba mtoto wa mtu.

Baada ya vifo vya namna hiyo, WhatsApp walipunguza urushaji wa ujumbe nchini India. Januari 2019 wakaweka kwa dunia nzima kwamba ujumbe usirushwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Ziko pia alama, nasi tujifunze kuzisoma. Ukiona mshale mmoja juu ya ujumbe, aliyekutumia siye aliyeuandika. Ukiona mishale miwili, ujumbe umekwisha pita mikono mingi, mitano au zaidi. Mishale haisemi kwamba habari ni ya uongo. Shemeji yako unamwamini, sawa, lakini yeye kaipata wapi?

Hapa Tanzania iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kutoa habari katika mtandao huku ukijua ni ya uongo, kwa nia ya kudanganya au kutisha watu, ni kosa la faini au kifungo.

Kuna na jambo la fedha. Gazeti haliishi kwa bei ya kuuzia tu, linaishi kwa matangazo ya biashara. Wenye biashara wengi wamehamishia matangazo yao Facebook na Google. Nchini Marekani magazeti zaidi ya 3,000 yamefungwa tangu mwaka 2005. Mengi yalikuwa madogo, ya kila wiki, ya watu wa mashamba na miji midogo. Yaani wanaolipwa kuuliza maswali wanapungua wakati uvumi unaongezeka.

Kazi ya kikundi: Mmoja wenu asome kwa sauti ujumbe wenye mishale miwili kutoka katika simu yake. Wengine wawe wahariri. Wapi? Lini? Nani kaona kwa macho? Video ina mwanzo na mwisho? Andikeni ubaoni majibu mliyopata, na maswali yaliyokosa majibu. Je, ujumbe huo mngeupiga chapa?