Mtoto Mdogo, Simu na Zamu ya Kujibu



Katika nyumba nyingi za Buyenzi mtoto husikia Kiswahili kwa mama, Kirundi kwa jirani na Kifaransa kwa kaka anayesoma. Siku hizi akilia hupewa simu yenye katuni. Wengine husema, "Mwache, atajifunza Kifaransa." Je, ni kweli?

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti juu ya watoto wa miezi 9. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu anayesema Kichina walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama video tu hawakujifunza.

Mtu humtazama mtoto, humngoja na kumjibu. Hapo mtoto huzoea kupokezana maneno na kutambua uso wa furaha au wa hasira. Video haimngoji mtu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini. Wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku.

Anas (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwita mdogo wake Anas kwa jina la heshima, Abu Umayr, akamuuliza habari za kindege chake. Mtoto alizungumzishwa kama mtu.

Ndugu, mara nyingi simu anayopewa mtoto ni yetu. Tuiweke mfukoni, tumuulize swali, tungoje ajibu. Malezi ni amana.

Wallahu a'lam.