SOMO LA AFYA: MTU AKITOKA DAMU PUANI



Kila mwaka kiangazi kikifika, tangu mwezi wa 6 mpaka wa 8, vumbi jekundu la barabara linaingia kila mahali, na majani yanapochomwa moshi unajaa hewani. Huo ndio wakati tunaona wenzetu wengi wakitoka damu puani: darasani, kwenye uwanja wa mpira, hata usiku katika nyumba ya kulala. Mara moja watu wanakusanyika. Mmoja anasema: «Mumwangie maji ku kichwa!» Mwingine: «Aangalie juu!» Na wa tatu ananong’ona kwamba mwenzetu ametupiwa kitu. Basi, tujifunze jambo hili kwa utaratibu.

1. Damu inatoka wapi?

Ndani ya pua kuna ukuta unaotenga matundu mawili. Kwenye sehemu ya mbele ya ukuta huo, pale kidole kinapofika kwa urahisi, mishipa midogo mingi ya damu inakutana kama wavu, chini ya ngozi nyembamba sana. Waganga wanapaita mahali pale kwa jina la Kiesselbach, munganga Mjerumani aliyeishi tangu 1839 mpaka 1902. Kati ya watu 10 wanaotoka damu puani, karibu 9 damu yao inatoka pale mbele.

Kwa nini mishipa ni mingi hivi? Kwa sababu kazi ya pua ni kupasha moto hewa na kuilowesha kabla haijafika mapafuni. Hewa ikiwa kavu, ngozi ile inakauka na kupasuka. Halafu kidogo tu kinatosha: kidole chenye ukucha, kupenga kamasi kwa nguvu, mafua, mpira wa usoni, tumbako ya kunusa, ao vumbi la mawe kwa wale wanaotwanga mawe ya dhahabu upande wa Namoya. Na ngumi pia! Kitabu cha Mezali, sura ya 30, mstari wa 33, kinajua kwamba pua ikikamuliwa inatoa damu, na kinafananisha jambo hilo na hasira inayozaa ugomvi. Wale wanaopenda kupigana nyuma ya darasa wausome mstari huo.

2. Tufanye nini?

a) Mgonjwa akae kitako. Asilale. Ainamishe kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesoma kitabu.
b) Afungue kinywa na kupumua kwa kinywa. Damu ikishuka kinywani, aiteme, asiimeze.
c) Kwa kidole gumba na kidole cha pili abane sehemu laini ya pua, matundu yote mawili, chini ya mfupa mgumu.
d) Angoje dakika 10 mpaka 15 kwa saa, bila kuachia. Hapa ndipo wengi wanashindwa. Wanabana dakika moja, wanaachia kuangalia, damu inaanza tena, na wanasema dawa hii haifai. Damu inahitaji wakati wa kuganda.
e) Ikiwa haijakoma, abane tena dakika 15. Ikikoma, asipenge pua na asiingize kidole siku ile nzima, wala asibebe mizigo mizito.

Mgonjwa abane pua yake mwenyewe. Wewe unayemsaidia usiguse damu ya mtu kwa mikono mitupu. Iliyomwagika chini isafishwe kwa maji ya javeli.

3. Tusifanye nini?

Kuangalia juu hakuzuii damu, kunaipeleka kooni tu. Mtu anaimeza, kisha anatapika, na watu wanaogopa zaidi. Kumwagia maji kichwani hakufikii mshipa uliopasuka. Majani na unga wa dawa vinavyosukumwa puani vinachubua ngozi tena.

Musiogope pia wingi wa damu. Mtu wa kilo 50 ana damu karibu lita 3 na nusu, na kijiko kimoja tu juu ya shati jeupe la masomo kinaonekana kama ndoo.

4. Kwenda kwa munganga wakati gani?

– Damu haikomi baada ya kubana vizuri dakika 30.
– Inatoka nyingi nyuma, kooni, ao mtu anasikia kizunguzungu na kulegea.
– Ilianza baada ya kuanguka ao kupigwa sana kichwani.
– Mtu ana homa kali, ao damu inatoka pia kwenye meno, katika mkojo ao mavi, ao alama za damu zinaonekana chini ya ngozi.
– Ni mzee mwenye tansiyo, ao mtu anayekunywa dawa ya kufanya damu isigande.
– Inarudi mara nyingi kila juma.

Aende kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kikishindwa, kitamtuma hospitali kubwa. Kama ni mbali na anapelekwa kwa kinga ao piki-piki, aendelee kubana na kuinama njiani. Na angalisho juu ya vidonge vya soko: asipirini na ibuprofene vinaongeza kutoka damu.

5. Kuzuia

Kata kucha. Mwagia maji mahali pa kufagia. Paka vazelini kidogo sana ndani ya tundu asubuhi na jioni. Ao weka robo ya kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, udondoshe matone machache puani.

6. Neno la mwisho juu ya manong’ono

Ukisema mwenzako amelogwa, hauzuii hata tone moja. Unamwongezea hofu, na usiku ule wengine watakataa kulala karibu naye. Tena, kama ni ugonjwa wa kweli, siku zinazopita katika kumtafuta mlozi ndizo alizopaswa kuwa mbele ya munganga. Pua moja inayotoka damu mara moja moja ni ngozi iliyopasuka. Inayozidi ni kazi ya hospitali. Hakuna kati ya hizo mbili inayohitaji kumshitaki jirani.

Maulizo
1. Kwa nini hatumwambii mgonjwa aangalie juu?
2. Tafuta kwenye pua yako mahali mfupa unapoishia na sehemu laini inapoanzia. Utabana wapi?
3. Mwenzako anatoka damu puani na ana homa kali. Utafanya nini kwanza, na utamwita nani?